Duara moja la kroshia, zawadi tatu: kitambaa cha kikombe, kofia ya mtoto na kikapu

Ukiweza kufuma duara linalolala bapa mezani, umeshaweza sehemu kubwa ya kazi ndogo za kroshia za nyumbani na za zawadi. Ukiendelea kuongeza mishono, unapata kitambaa cha kuwekea kikombe, na ukizidi kuongeza unapata cha stuli. Ukiacha kuongeza, kingo zinasimama na duara linageuka kofia. Ukifuma kwa nyuzi mbili na mkono uliokaza, unapata kikapu. Ndiyo maana maelezo mengi hapa chini ni ya duara lenyewe. Ukiharakisha hapo, kofia itatoka na pembe na kitambaa kitajikunja.

Kazi zote ni za kroshia moja, yaani sindano moja yenye ndoano. Kwa sindano za kufumia, duara kama hili linahitaji sindano nne au tano zenye ncha pande zote mbili, na kwa anayeanza huo ni mzigo usio wa lazima.

Uzi na kroshia

Kwa vitambaa vya vikombe chukua uzi wa pamba. Pamba hunywa maji yanayotiririka kwenye glasi ya baridi na huvumilia joto la kikombe cha chai. Uzi mwingi unaouzwa madukani kwa jina la "uzi wa sufu" ni akriliki, yaani plastiki. Unafaa kofia na kikapu, lakini usiuweke chini ya sufuria iliyotoka jikoni, maana huyeyuka na kugandia.

Kama donge la uzi halina karatasi ya maelezo, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinia na ukichome. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Sufu halisi ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Unene uwe wa kati, ule ambao karatasi yake inapendekeza kroshia ya milimita 4 hadi 5. Kwa vitambaa sita vya vikombe gramu 50 za pamba hutosha. Kofia ya mtoto mchanga haizidi gramu 30. Kikapu kinataka gramu 150 hivi. Ukinunua madonge mawili ya rangi moja, linganisha namba ya mchovyo, yaani ya awamu uzi ulipotiwa rangi, iliyo kwenye karatasi zake. Namba zikitofautiana, tofauti ya rangi huenda usiione dukani, lakini utaiona kazi ikishaisha.

Nunua kroshia kwa milimita, usinunue kwa namba. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Kwa hapa tafuta ya milimita 4 na ya milimita 5.5, sindano butu ya kuficha ncha, futi ya fundi cherehani na pini moja ya mtoto ya kuwekea alama.

Mishono minne

Cheni: ukiwa na kitanzi kwenye kroshia, chukua uzi na uuvute upite ndani ya kitanzi hicho.

Mshono wa kufungia: ingiza kroshia kwenye kichwa cha mshono, chukua uzi, uvute upite kwenye mshono na kwenye kitanzi kwa mkupuo mmoja.

Mshono mfupi: ingiza kroshia, chukua uzi na uuvute, sasa una vitanzi 2. Chukua uzi tena, upitishe kwenye vyote viwili.

Mshono mrefu: zungushia uzi kwenye kroshia kwanza, ndipo uingize. Chukua uzi na uuvute. Una vitanzi 3. Chukua uzi, upitishe kwenye 2. Chukua uzi tena, upitishe kwenye 2 vilivyobaki.

Kichwa cha mshono kina nyuzi mbili zilizolala kama herufi V. Ingiza kroshia chini ya zote mbili, isipokuwa ukiambiwa vinginevyo. Anayeingiza chini ya moja tu bila kujua huacha mistari na kazi hulegea.

Ukija kufuata maelezo ya Kiingereza, angalia kwanza ni ya nchi gani. Mshono unaoitwa "dabo kroshia" Uingereza ndio mshono mfupi wa hapa. Marekani jina hilohilo ni la mshono mrefu. Ukikuta kifupisho "sc", yaani "single crochet", maelezo ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wa jina hilo.

Duara

Mzunguko wa 1: Piga cheni 4. Ile ya kwanza kabisa ndiyo kitovu, na 3 zilizobaki zinahesabiwa kuwa mshono mrefu mmoja. Fuma mishono mirefu 11, yote ndani ya cheni ile ya kwanza. Jumla 12. Funga kwa mshono wa kufungia kwenye cheni ya juu kabisa kati ya zile 3.

Mzunguko wa 2: Cheni 3, kisha mshono mrefu 1 palepale zilipoota cheni hizo. Weka 2 kwenye kila kichwa hadi mwisho. Jumla 24. Funga.

Mzunguko wa 3: Cheni 3, mshono 1 palepale, kisha 1 kwenye kichwa kinachofuata. Endelea: 2 kwenye kimoja, 1 kwenye kingine. Jumla 36. Funga.

Mzunguko wa 4: Cheni 3, mshono 1 palepale, kisha 1 na 1. Endelea: 2, 1, 1. Jumla 48. Funga.

Ukitaka duara kubwa zaidi, mpangilio ni uleule: mzunguko wa 5 ni 2, 1, 1, 1 (jumla 60), wa 6 unaongeza "1" nyingine (jumla 72), hivyo hivyo hadi upana unaoutaka.

Kwa nini 12? Kila mzunguko mpya unasogeza ukingo nje kwa kimo cha mshono mmoja, na mzingo wa duara unakua kwa kimo hicho mara 6.28. Mshono mrefu una kimo karibu mara mbili ya upana wake, kwa hiyo nafasi inayopatikana inatosha mishono 12 hivi. Mshono mfupi una kimo karibu sawa na upana, kwa hiyo unaongeza 6 tu. Ukilielewa hili, huhitaji kukariri mifumo, na makosa yanajieleza yenyewe.

Kingo zikifanya mawimbi kama ukingo wa sketi, mishono imezidi. Mara nyingi kosa liko kwenye mshono wa kufungia: mfumaji anaudhania ni kichwa na kufuma ndani yake, basi kila mzunguko unapata mmoja wa ziada. Kwa siku za mwanzo chomeka pini kwenye cheni ya tatu ya kila mzunguko, ujue unapofungia na usipofuma.

Duara likijikunja kama bakuli, mishono imepungua, au hesabu ni sawa ila mkono umekaza. Hesabu kwanza. Kama ni 48 kamili na bado linajikunja, badili kroshia uchukue iliyozidi kwa nusu milimita. Kuongeza mishono ili kulinyoosha duara la mkono uliokaza kutakupa duara zito lisilolingana na kipimo chochote.

Hesabu mwisho wa kila mzunguko, kila mmoja bila kuruka. Kukosea kwa mshono mmoja kwenye mzunguko wa 2 kunavuruga mizunguko yote iliyo juu yake, na kufumua mizunguko minne kunauma kuliko kuhesabu mishono 24.

Mwisho, pima. Kwa kroshia ya milimita 4 na uzi wa kati, mizunguko minne inapaswa kutoa kipenyo cha sentimita 10.5 hivi. Ukipata 9.5, panda hadi milimita 4.5. Ukipata 11.5, shuka hadi 3.5. Kwa kitambaa cha kikombe tofauti hiyo haina neno. Kwa kofia usiipuuze.

Kitambaa cha kikombe

Hapo ulipofika kazi karibu imekwisha. Piga cheni 1, zungusha mishono mifupi 48, funga, kata uzi. Ukingo wa mishono mifupi unakipa uzito kidogo na kukizuia kisijipinde.

Kwa kitambaa cha stuli tengeneza mawimbi ya makusudi: baada ya kufunga mzunguko, rudia yaliyo kati ya nyota hadi umalize duara: *ruka vichwa 2, weka mishono mirefu 5 kwenye kinachofuata, ruka 2, mshono wa kufungia kwenye kinachofuata*. Kila wimbi linakula vichwa 6, kwa hiyo mzunguko wa 48 unatoa mawimbi 8 na wa 72 unatoa 12. Mawimbi haya hujikunja hadi uyalowanishe, uyabane kwa pini juu ya taulo na kuyaacha yakauke. Anayetaka yasimame imara atie wanga mwepesi. Usitumie maji ya sukari, maana sisimizi watahamia hapo.

Kofia ya mtoto

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili huwa na mzingo wa sentimita 33 hadi 36. Kofia hufumwa ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 2 hivi, kwa sababu uzi hunyooka. Kofia iliyo sawa na kichwa huteleza hadi machoni. Gawanya mzingo wa kofia kwa 3.14, upate kipenyo cha duara la utosini: kichwa cha 35 kinataka kofia ya 33, na 33 kwa 3.14 ni 10.5. Ndilo duara lako la mizunguko minne.

Sasa acha kuongeza. Piga cheni 3, weka mshono mrefu mmoja kwenye kila kichwa, funga. Jumla inabaki 48. Fanya mizunguko 6 ya namna hii. Wa kwanza utaonekana kama umekosea, kingo zitajikunja tu kidogo. Endelea, kufikia wa tatu kofia itakuwa imesimama. Malizia kwa mizunguko 2 ya mishono mifupi. Kimo chote kutoka utosini hadi ukingoni kifike sentimita 14.

Hiyo mizunguko miwili ya mwisho ndiyo inayoharibu kofia nyingi. Mkono hukaza mtu akikaribia kumaliza, na ukingo unakuwa mwembamba kuliko kofia yenyewe. Vuta vitanzi virefu kidogo kuliko ulivyozoea, kisha ujaribu kuutanua ukingo: ufike sentimita 37 bila kulazimishwa.

Kwa mtoto wa miezi mitatu hadi sita ongeza mzunguko wa 5 wenye nyongeza 6 tu: mishono 7 mmojammoja, kwenye kichwa cha 8 weka 2. Jumla 54. Halafu mizunguko 7 bila kuongeza na 2 ya mishono mifupi, kimo kiwe karibu sentimita 17. Kwa mtoto njiti ishia mzunguko wa 3, mishono 36, na umwombe mama au muuguzi kipimo cha kichwa kabla ya kushika uzi.

Usiweke vifungo, shanga wala kamba ndefu za kufungia kidevuni. Mtoto huvuta, hung'oa na kutia mdomoni. Ukimkabidhi mama zawadi, mwambie pia kofia ni ya baridi na ya safarini, si ya kulalia ndani. Mtoto hupunguzia joto kichwani.

Kikapu

Shika nyuzi mbili kwa pamoja, kroshia ya milimita 5.5, mishono mifupi tupu. Anza na cheni 2, weka mishono mifupi 6 kwenye ya kwanza, kisha zunguka bila kufunga, ukisogeza pini kila unapoanza mzunguko mpya. Ongeza 6 kila mzunguko: 12, 18, 24, hadi 54 kwenye mzunguko wa 9. Kitako kitakuwa na upana wa sentimita 15 hivi.

Nyongeza 6 zikikaa mahali pamoja kila mzunguko, kitako kinakuwa na pembe sita. Zisogeze: mzunguko mmoja anza na nyongeza, unaofuata anza na nusu ya mishono ya kawaida ndipo uongeze.

Ukifika 54, fuma mzunguko mmoja kwa kuingiza kroshia kwenye uzi wa nyuma tu wa kila kichwa. Hapo kitako kinakatika na ukuta unaanza kupanda. Fuma mizunguko 10 zaidi kwa njia ya kawaida. Ukuta ukilala, dawa ni kroshia nyembamba zaidi. Uzi wa tatu utachosha vidole bure.

Kuficha ncha na kufua

Acha ncha ya sentimita 15. Kwa sindano butu ipitishe ndani ya mishono kwenda kulia, irudi kushoto, kisha ipande juu, ndipo ukate. Fundo peke yake hufunguka kwenye fuo la pili. Wala usiiunguze ncha ya akriliki kwa kiberiti: hubaki kishanga kigumu ambacho kwenye kofia humkwaruza mtoto kwenye paji la uso. Geuza kofia ndani nje ukague, kwa sababu uzi uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukibana.

Pamba inafuliwa kwa maji ya uvuguvugu na kupigwa pasi ikiwa na unyevu. Akriliki fua kwa maji baridi, kamua kwa kuibana ndani ya taulo, ilaze ikauke kivulini. Pasi isiiguse kabisa: joto huiua ikalegea na kung'aa, na hairudi tena.