Wali, mabiringanya ya soya na mchicha wa ufuta: chakula cha jioni cha Kijapani kwa mboga za soko la Lamu

Anayetaka kupika mboga za Kijapani Lamu huwaza kwanza bidhaa za mbali ambazo madukani hazipo. Lakini kinachoamua chakula hiki ni maji. Hakuna tui la kuficha kasoro, hakuna bizari wala kitunguu cha kukaanga. Ladha yote imo ndani ya vijiko vichache vya sosi ya soya, na mboga ikitoa maji baada ya kukolezwa, vijiko hivyo vimezimuliwa na chakula kimekuwa chapwa. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kuyaondoa maji au kuyapima.

Mlo wa nyumbani wa Kijapani kwa desturi ni wali, supu moja na vitoweo vitatu vidogo, mpangilio wanaouita ichiju sansai. Sisi tutapika wali mweupe, mabiringanya kwa sosi nzito ya soya, mchicha wa ufuta na matango ya siki. Vipimo ni vya watu 4. Ukiwa na moto mahali pawili, gesi au makaa, utamaliza kwa saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja tu.

Vitu vya kununua

- Mchele vikombe 2 (kikombe cha mililita 250)
- Mabiringanya marefu 4 ya wastani, jumla kama gramu 800
- Mchicha mafungu 2, kama gramu 500 ukishachambuliwa
- Matango 2
- Ufuta mweupe (simsim) vijiko vikubwa 4
- Sosi ya soya, utatumia kama vijiko vikubwa 4
- Sukari, siki nyeupe, chumvi, mafuta ya kupikia yasiyo na harufu
- Tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba

Nenda sokoni kando ya Ngome asubuhi. Mboga nyingi za majani huvushwa kutoka bara kupitia Mokowe, na kufika adhuhuri jua limeshazinyong'onyesha. Mchicha ulionyauka ukichemshwa huwa utelezi, haukamuliki vizuri. Biringanya zuri ni zito mkononi, ngozi yake inang'aa na kikonyo bado kibichi. Likiwa jepesi na ngozi imefifia, ndani utakuta mbegu za kahawia na uchungu ambao sukari haiutoi.

Sosi ya soya, na pombe iliyojificha

Soma lebo kabla ya kulipa. Sosi iliyochachushwa imeandikwa maji, soya, ngano na chumvi, na pengine kihifadhi kimoja. Ile ya bei rahisi mara nyingi imeongezwa rangi na sukari iliyounguzwa. Ukiipata hiyo tu, itumie, lakini punguza sukari ya mapishi kwa theluthi moja, la sivyo mabiringanya yatakuwa peremende. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya ya kawaida kina chumvi ya zaidi ya gramu 2, kwa hiyo chumvi ya mezani haiongezwi mahali popote isipokuwa pale nitakapoitaja. Mwenye shinikizo la damu aipime sosi kwa kijiko, asimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Mapishi mengi ya Kijapani utakayoyakuta yanataka mirin au sake. Vyote viwili ni pombe inayotokana na mchele. Mirin halisi ina pombe ya asilimia 14 hivi. Kazi ya mirin katika sosi ni utamu na mng'aro, na sukari na maji vinaifanya kazi hiyo vizuri. Sosi ya soya nayo, kwa kuwa imechacha, inaweza kubaki na kiasi kidogo cha pombe. Anayejihadhari na hilo atafute chupa yenye alama ya halali.

Hatua ya 1: Osha na loweka mchele

Osha mchele kwa maji manne au matano, ukiuzungusha kwa vidole bila kuuponda, mpaka maji yakaribie kuwa maangavu. Loweka dakika 30, kisha umimine kwenye chujio utone maji dakika 10.

Mchele wa Kijapani una punje fupi na kiasi kidogo cha amilosi, ile sehemu ya wanga inayofanya punje zisimame mbalimbali, ndiyo maana hushikana na kuliwa kwa vijiti. Mchele wetu hautashikana hivyo hata ufanyeje. Lakini ukiulowesha na kuupa maji kidogo zaidi ya mazoea, utakuwa laini wa kutosha kuchukua sosi. Pishori inafaa, ila harufu yake inashindana na ufuta. Mchele wa kawaida usio na harufu ni bora zaidi kwa mlo huu, na ni nafuu.

Maji ya kupikia yawe ya kunywa. Nyumba nyingi kisiwani zina kisima chenye maji ya chumvichumvi, na katika wali wa nazi huenda usiyahisi. Katika wali usiotiwa kitu chochote, utayahisi tangu tonge la kwanza.

Hatua ya 2: Tia chumvi mabiringanya na matango

Fanya hivi wakati mchele unalowa.

Kata kila biringanya mapande mawili kwa urefu. Kwa ncha ya kisu, chora mistari ya mshazari kwenye nyama yake, kina cha sentimita 1, halafu chora mingine ya kukatiza ili yatokee maumbo ya almasi. Usifike kwenye ngozi. Nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai kwa mapande yote manane na uyaache dakika 15. Matone yakishajitokeza juu, yafute kwa kitambaa safi huku ukibonyeza. Usiyaoshe.

Nyama ya biringanya ni kama sifongo: imejaa vishimo vya hewa vinavyonyonya mafuta. Chumvi huvuta maji kutoka ndani, vile vishimo hulegea na kuporomoka, na biringanya halinywi mafuta kama lilivyokuwa likinywa. Watu husema chumvi ni ya kutoa uchungu, lakini mabiringanya ya siku hizi si machungu sana. Faida kubwa ni hiyo ya mafuta.

Matango ni mepesi. Kata vipande vyembamba kama karatasi ngumu, changanya na chumvi kijiko cha chai kimoja, acha dakika 15, kamua kwa mikono miwili. Changanya siki vijiko vikubwa 2, maji kijiko kikubwa 1 na sukari kijiko kikubwa 1 mpaka sukari iyeyuke, mimina juu. Siki nyeupe ya dukani ni kali kuliko siki ya mchele ya Kijapani, ndiyo maana ya yale maji. Ukiwa na ndimu, tumia ndimu.

Hatua ya 3: Pika wali

Tia mchele sufuriani na maji vikombe 2 na robo tatu. Usitie chumvi, mafuta wala tui. Funika, moto wa wastani mpaka uchemke, kisha punguza moto mpaka chini kabisa, dakika 12. Zima, uache umefunikwa dakika 10 nyingine. Mvuke uliobaki ndani ndio unaomalizia kiini cha punje.

Kwa makaa, maji yakishachemka toa nusu ya makaa na uyafunike yaliyobaki kwa jivu. Usipalie makaa juu ya mfuniko kama ilivyo kawaida yetu. Moto wa juu huukausha wali na kuzitenganisha punje, nasi hapa tunataka unyevu ubaki. Wali ukiwa bokoboko, mchele haukuchujwa vizuri baada ya kuloweka. Ukiwa na kiini, ulifunua mfuniko kabla ya wakati.

Hatua ya 4: Ufuta na mchicha

Kaanga ufuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga muda wote, dakika 3 hadi 4. Punje chache zikianza kurukaruka na harufu kupanda, mimina kwenye sahani papo hapo, kwa sababu kikaango cha moto kinaendelea kuunguza hata ukikiondoa jikoni. Ufuta uliopita kiwango huwa mchungu, nao mchungu haurekebishiki. Ponda kwenye kinu kidogo mpaka theluthi mbili ziwe unga na theluthi moja ibaki nzima. Ukisikia unaanza kushikana na mchi, simama hapo. Mafuta yametoka ya kutosha.

Ufuta si mgeni kwetu. Mashamba ya Malindi na ya bara la Lamu yalitoa ufuta mwingi wa kuuzwa nje katika karne ya 19, na kashata zake bado zinapikwa. Wajapani huuponda na kuukolezea mboga za majani, na mlo wenyewe huitwa goma-ae.

Osha mchicha maji matatu; mchanga ukibaki, kazi yote imeharibika. Tenga mashina na majani. Katika maji mengi yanayochemka kwa nguvu, tia mashina kwanza sekunde 30, kisha majani, dakika 1 tu. Toa, tumbukiza kwenye maji baridi, badilisha maji mara moja. Maji ya moto yakibaki kwenye majani, mchicha unaendelea kuiva na rangi yake inageuka ya kijani kibovu.

Sasa kukamua. Shika konzi moja ya mchicha, uunyooshe mashina yaelekee upande mmoja, na kamua kutoka juu kwenda chini mpaka maji yaache kutiririka na kubaki matone. Kata vipande vya sentimita 4. Kisha kamua tena, vile vipande vilivyokatwa. Hatua hii ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayotoa maji yaliyofungika ndani ya mashina. Mafungu mawili makubwa yatabaki donge mbili za kujaa kiganja, na ndivyo inavyotakiwa.

Changanya ufuta na sosi ya soya kijiko kikubwa 1 na sukari vijiko vya chai 2. Kiache kikolezo hiki kizito pembeni. Usikikutanishe na mchicha mpaka watu wameketi, kwa maana chumvi ya soya itaanza kuvuta maji mara moja na baada ya robo saa utakuta dimbwi chini ya bakuli.

Hatua ya 5: Mabiringanya

Pasha mafuta vijiko vikubwa 3 kwenye kikaango kipana, moto wa wastani. Laza mabiringanya, upande uliochorwa chini. Yasipotosha, kaanga kwa awamu mbili na ugawe mafuta. Katika dakika ya kwanza yatanyonya mafuta yote na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Yakianza kuiva yatayarudisha.

Baada ya dakika 5 nyama iwe ya dhahabu. Geuza, mwagia maji vijiko vikubwa 2 pembeni mwa kikaango, funika dakika 5. Mvuke ndio unaoivisha katikati. Bila huo utapata uso ulioungua na kiini kigumu. Choma kwa kijiti sehemu nene karibu na kikonyo: kipite bila kukwama. Toa mabiringanya, futa kikaango.

Katika kikaango kile kile tia sosi ya soya vijiko vikubwa 3, sukari vijiko vikubwa 2, maji vijiko vikubwa 3, siki kijiko cha chai 1 na tangawizi iliyokunwa kijiko cha chai 1. Moto wa wastani. Mwanzoni mapovu ni madogo na ya haraka. Sosi inavyopungua, yanakuwa makubwa, mazito, ya polepole, na ukipitisha mwiko chini, njia yake inabaki wazi kwa sekunde moja kabla ya kujifunga. Hapo ndipo penyewe. Rudisha mabiringanya, upande uliochorwa chini, dakika 1, kisha geuza na uchote sosi uipitishe kwenye michoro. Zima.

Kutoka hapo hadi kuungua ni nusu dakika, kwa hiyo usiondoke jikoni. Harufu ya sukari iliyoungua ikishatoka, mwaga sosi, osha kikaango, anza nyingine. Kuongeza maji hakuondoi uchungu. Sosi ikiwa nyepesi na haishiki, mabiringanya hayakufutwa maji. Yatoe, ipunguze peke yake, uyarudishe.

Ukiletewa miso, yaani rojo nzito ya soya iliyochachushwa, weka vijiko vikubwa 3 badala ya soya. Wajapani huupaka juu ya biringanya na kulichoma, nao huuita nasu dengaku. Kwa jiko la makaa, oka biringanya kwanza mpaka liive, paka miso mwishoni, dakika moja tu juu ya moto.

Kupakua, na kinachobaki

Wali bakulini bila kushindiliwa, mabiringanya juu yake au kando, na vile vitoweo viwili kwenye vyombo vyao ili siki isiingie kwenye ufuta. Nyunyiza punje chache za ufuta nzima juu ya mabiringanya.

Kwa joto letu, wali mweupe usikae nje zaidi ya saa 2. Ufunike na uingize kwenye friji. Kuna bakteria wa mchele ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha upya. Mabiringanya hukaa friji siku 2 na sosi huzidi kuingia. Matango ni matamu zaidi siku ya pili. Mchicha uliokwisha kuchanganywa haukai, kwa hiyo changanya wa kuliwa usiku huo, na uliobaki uhifadhi umekamuliwa, ufuta wake kwenye kikombe kingine.