Kuteka mwanga wa paani na kuliacha jua nje: somo kwa nyumba za Lamu

Asalaam alaykum wanachama. Swali limerudi mara nyingi mno kiasi kwamba nimeona niliandikie somo zima. Chumba cha ndani kina giza, taa inawaka tangu asubuhi, je, nitoboe paa? Toboa. Ila ujue tangu mwanzo kwamba unachokitaka ni mwanga, si jua. Ukiviingiza vyote viwili kwa pamoja utakuwa umejijengea tanuri.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilimwekea mshonaji mmoja wa hapa mjini bati angavu la plastiki juu kabisa ya meza yake ya kukatia. Siku ya kwanza alifurahi sana. Kaskazi moja kupita, majora yake yalikuwa yamepauka upande mmoja, na yeye mwenyewe amehamishia cherehani barazani. Nililitoa lile bati kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sikati paa la mtu kabla ya kulipigia jua hesabu.

Jua la kwetu si jua la vitabuni

Vitabu vingi vya ujenzi vinasema dirisha la paa lielekee kaskazini. Vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Lamu iko karibu nyuzi 2 na robo kusini mwa ikweta. Hapa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, miezi mingine huwa kusini. Hata Juni, linapokuwa mbali na utosi wetu kuliko wakati wowote, adhuhuri bado liko nyuzi 64 juu ya upeo wa macho. Desemba ni kama 69. Kwa hiyo tundu lililo wazi juu hupigwa na jua kali kila siku ya mwaka, liwe limeelekea wapi.

Wazee wetu walilijua hilo. Tazama nyumba ya mawe ya zamani. Mwanga unashuka kwenye kiwanda, yaani ule ua wa katikati, unapiga ukuta wa chokaa, unaingia msana, yaani ukumbi ulio wazi upande wa ua, kisha ndio unafika ndani ukiwa umeshapoa. Kila kituo unapungua ukali. Dirisha la paa likijengwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo kwa udogo.

Hatua ya 1: Kaa chumbani kabla ya kugusa paa

Kaa siku nzima. Angalia mtu anafanya kazi wapi, kitanda kiko wapi, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) na vitabu viko ukuta gani. Mara nyingine utagundua kwamba ukuta umefubaa tu kwa moshi na vumbi, na mikono miwili ya chokaa nyeupe inatosha. Hapo umeokoa paa lako.

Hatua ya 2: Hesabu doa la jua litatua wapi

Tuseme dari iko mita 3 juu ya sakafu. Mwishoni mwa Juni, adhuhuri, doa la jua litatua karibu mita 1.4 kusini mwa tundu. Mwishoni mwa Desemba litatua kama mita 1.2 kaskazini. Machi na Septemba liko chini yake kabisa. Adhuhuri yetu ya kweli huja kama saa sita na robo, si saa sita kamili. Siku za Machi na Septemba, saa moja baada ya adhuhuri doa limesogea sentimita 80 kuelekea mashariki, saa mbili baadaye mita 1.7. Chora alama hizo sakafuni kwa chaki. Eneo lote ulilolizungushia ndilo litakalochomwa kama hukuweka kinga. Kama kuna kabati la mninga au msahafu wa babu hapo, sasa umejua.

Hatua ya 3: Ukubwa

Watu hukosea kwa kukata kubwa. Anza na asilimia 3 hadi 5 ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 2.5 kwa 6 ni mita za mraba 15, basi tundu la sentimita 60 kwa 90 linatosha. Jua la wazi hutoa kama luksi (kipimo cha mwanga) 100,000, na mtu anayesoma anahitaji 300 hadi 500 tu.

Hatua ya 4: Kutoboa

Kwenye paa la zege, acha tundu kabla ya kumwaga, na ongeza nondo pembezoni. Zege likishakauka usiruhusu mtu aligonge kwa nyundo bila fundi anayejua nondo zimepita wapi.

Kwenye paa la boriti usikate boriti. Tumia nafasi iliyopo kati ya boriti mbili, ufungue mwanya mwembamba mrefu. Ukihitaji mwanga zaidi, fungua mwanya wa pili mbali na wa kwanza. Na kama nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, pata kwanza kibali cha watu wa Makumbusho ya Taifa. Waonyeshe mchoro. Kitu kifupi kilichopakwa chokaa, kisichoonekana kutoka njiani, kina heshima kuliko kuba la plastiki linalomeremeta juu ya mji.

Hatua ya 5: Kofia yenye macho mawili

Hapa ndipo penye kazi, tulieni.

Zungushia tundu ukuta mdogo wa sentimita 20 juu ya sakafu ya paa, ili maji ya masika yasipate njia. Juu ya ukuta huo simamisha nguzo fupi nne, kisha funika kwa kofia isiyopitisha mwanga: zege jembamba, au mbao zilizovikwa bati. Pande za mashariki na magharibi ziba kabisa, kwa sababu huko ndiko jua la asubuhi na la jioni huingia kwa ubavu. Pande za kaskazini na kusini acha macho yenye urefu wa sentimita 30 kwenda juu.

Kofia itokeze nje ya kila jicho kwa sentimita 20. Kipimo hiki kina sababu. Jicho la sentimita 30 likiwa na ukingo wa 20, jua la mwisho wa Juni haliingii kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Upande wa kusini, Desemba, jua liko juu zaidi kidogo, kwa hiyo kipimo hicho hicho kinatosha na kubaki. Mwanga wa anga unaingia kutwa, jua lenyewe linabaki nje.

Paka chokaa nyeupe tumbo la kofia, na pia sakafu ya paa mbele ya kila jicho, hatua moja hivi. Jua litapiga pale chini, mwanga utaruka hadi tumboni mwa kofia, kisha utashuka chumbani. Bila chokaa hiyo kofia itakupa giza na utanilaumu mimi.

Jicho la kusini litie kioo, kwa kuwa kusi huja na mvua ya masika na huisukuma ubavuni. La kaskazini weka vibao vilivyolala kwa mteremko kuelekea nje, na wavu mbele yake, kwa nje. Joto la chumba hupanda juu, na kusi ikivuma hutoka kwa jicho hilo la kaskazini. Mwezi wa Februari, joto likiwa limeshika, kaskazi inaingia hapo hapo.

Chumvi ya bahari haina huruma. Tumia skrubu zisizoshika kutu na fremu ya alumini au mbao ngumu. Alumini isigusane na chokaa mbichi, huliwa. Weka raba katikati.

Hatua ya 6: Shingo

Paa likiwa nene, tundu lina shingo. Ukiiacha wima kama kisima, mwanga mwingi utafia humo. Ipanue kwenda chini, iwe kama mdomo wa tarumbeta, uipige lipu laini na chokaa. Mdomo mpana pia unapunguza ule ukali wa kuona shimo jeupe katikati ya dari nyeusi, unaoumiza macho.

Hatua ya 7: Kifuniko cha kupunguza

Anayelala mchana atahitaji giza. Funga ubao mwepesi kwa bawaba chini ya kofia, kamba ipite kwenye kapi kama ya jahazi, ishuke hadi msumari wa ukutani. Piga mafundo matatu kwenye kamba: wazi, nusu, giza. Nimejaribu na vya kutumia umeme pia, lakini mota zile hazikuistahimili hewa ya pwani. Kamba inadumu, na bibi wa miaka 80 anaiweza.

Wenye mabati

Kama huna uwezo wa kofia, weka bati la polikaboneti, yaani plastiki ngumu, la rangi ya maziwa, si lile angavu kama kioo. Upande wenye kinga dhidi ya jua, ulioandikwa kwenye karatasi yake, uelekee nje. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu, maana bati la mita 3 hurefuka karibu milimita 8 joto lake likipanda nyuzi 40. Ukilibana litapasuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Malindi, Barani: Shikamoo fundi. Mimi nimeshaweka bati angavu mwaka jana, chumba hakikaliki kuanzia saa tano. Sina pesa ya kubomoa. Pazia la ndani litasaidia?

Marahaba mwanangu. Pazia litakuondolea mng'aro, joto litabaki. Jua likishapita kwenye bati limeshaingia, pazia linapata moto na kuumwaga humo humo chumbani. Kinga iwe nje. Nunua neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, uinyanyue juu ya bati kwa vipande vya mbao, sentimita 15 hivi, upepo upite katikati. Na tafadhali usilipake chokaa. Kwenye kioo haina neno, lakini inaila polikaboneti.

Mama mshonaji, Langoni: Fundi, nimesoma habari ya majora yaliyopauka nikaogopa. Ina maana kazi ya nguo na dirisha la paa haviendi pamoja?

Vinaenda, dada, tena vizuri, kwa sababu mwanga wa anga unaonyesha rangi ya uzi kuliko taa yoyote. Tumia kofia, si bati. Cherehani ikae pembeni kidogo ya tundu, mwanga ukujie kutoka upande wa kushoto kama unakata kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari. Majora yakae ukuta wa mbali. Nguo hufifia hata kwa mwanga usio na jua, ila polepole sana, kwa hiyo yageuze mara kwa mara.

Mwanachama wa Mkomani: Jirani amepandisha ghorofa ya tatu. Nikifungua paa, si ataona hadi chumbani kwa mke wangu?

Ndugu yangu, sitara ni jambo la kwanza katika nyumba ya Mwamu, yaani mtu wa Lamu, umefanya vyema kuuliza. Kofia haina uwazi wa juu, kwa hiyo anayetazama kutoka ghorofani anaona bati tu. Lakini panda paani uangalie kwa macho yako. Ikiwa nyumba yake iko kaskazini au kusini mwako, jicho la upande huo litie kioo cha mchanga, kile kinachopitisha mwanga bila kuonyesha ndani, au vibao vilivyokaribiana zaidi.

Mwalimu wa madrasa, Matondoni: Tunajenga darasa la mita 6 kwa 8, paa la mabati. Ubao wa kuandikia utakaa ukuta wa mashariki. Tuweke mwanga wapi?

Ustadh, msiweke karibu na ukuta wa ubao, wala msiweke kipande kimoja kikubwa katikati. Gaweni vipande vidogo vinne vya rangi ya maziwa, viwili kila mteremko, watoto wa nyuma wapate sawa na wa mbele. Sakafu yenu ni mita za mraba 48, basi jumla isizidi mita za mraba 2. Kabla ya kupigilia, mmoja wenu ashike bati juu, mwingine akae kwenye mkeka wa mwanafunzi wa mwisho atazame ubao. Ukimeremeta, sogezeni.

Mwanachama wa Malindi: Nyumba yangu ni ya makuti, mteremko mkali, ndani giza. Fundi mmoja anataka kukata katikati ya paa atie kioo. Nimruhusu?

Usimruhusu. Makuti hayavuji kwa sababu kila safu inaifunika nyingine, na ukikata katikati unakata njia ya maji. Fungua kwenye ncha, pale penye pembetatu chini ya mgongo wa paa, kwa vibao vya mlalo. Mgongo ukienda mashariki hadi magharibi ncha ya magharibi itapata jua la jioni, basi upande huo refusha makuti yatokeze nusu mita. Joto pia litatokea hapo hapo.

Mwanachama wa Shela: Na paka? Wetu hupita popote.

Wavu wa chuma kisichoshika kutu, matundu ya sentimita 1, upigiliwe kwa nje ya vibao. Ukiuweka kwa ndani watalala kwenye vibao na kunguru watajenga humo. Kila baada ya miezi mitatu panda na ndoo ya maji ya mvua, uoshe chumvi.