Paka wa dagaa apewe na supu

Huku Kigoma paka wengi hushindia dagaa wakavu. Usimpe vikavu hivyo hivyo: osha mchanga, chemsha bila chumvi wala kitunguu, umwekee na supu yake, tena supu iwe nyingi. Paka kwa asili hanywi maji ya kutosha; akiyapata ndani ya chakula mkojo unakuwa mwepesi, na madini hayagandi kirahisi kuwa vijiwe. Siku nyingine mbadilishie, mpe nyama ya kuku, maana mifupa ya dagaa ina fosforasi nyingi, mojawapo ya madini yanayounda vijiwe hivyo. Ila dume akichuchumaa, analia na mkojo hautoki, supu haimsaidii kitu: njia imeziba, anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2. Mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.