Mzazi mwenye ulemavu na mfuko mtupu: pa kuanzia ukiwa Mtwara au Lindi

Kazi yangu ni kutembelea wagonjwa majumbani huku Kusini, na swali linaloniandama kuliko yote ni hili: "Tutapata wapi msaada?" Nami huuliza, msaada upi? Mzazi aliyepooza anahitaji matibabu, anahitaji mikono ya kumhudumia, na anahitaji kula. Vitu hivyo vitatu havitoki ofisi moja, na kimojawapo hakitoki ofisini kabisa. Anayevichanganya huzunguka mwezi mzima na bahasha ileile.

Hatua ya 1: Andika asichoweza kufanya

Chukua daftari, andika siku ya mzazi wako tangu alfajiri hadi usiku. Jina la ugonjwa liache, andika mambo yenyewe: "Anajilisha kwa mkono wa kulia. Hawezi kujigeuza kitandani. Kumfikisha chooni kunahitaji watu wawili. Usiku haja ndogo humtoka bila kujua." Afisa anayesoma "mama anaumwa sana" ana barua kama hiyo rundo zima mezani. Anayesoma hayo manne anajua mara moja kinachotakiwa.

Hatua ya 2: Kikao cha ukoo, kabla ya ofisi yoyote

Hapa ndipo pagumu, na ndipo wengi wanaparuka. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, sauti ya mjomba bado ina uzito. Watoto wakikubaliana wenyewe bila kumwita, makubaliano hayo yanaweza kuvunjwa kwa sentensi moja msibani. Mwiteni, hata kwa simu iliyowekwa spika.

Kwenye kikao msianze na michango. Huku kila mtu huahidi "baada ya mnada wa korosho", na mgonjwa anaoga leo. Anzeni na zamu: nani yuko asubuhi, nani usiku, nani anashika nafasi wakati wa kupulizia mikorosho salfa na wakati wa kuokota korosho, maana miezi hiyo nyumba hubaki tupu. Kisha gawaneni vitu vinavyoonekana. Mmoja anabeba sabuni, mwingine maji. Kwa wanaoishi juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hilo la maji si dogo: mgonjwa wa kitandani anamaliza ndoo nyingi, na kiangazi ndoo hununuliwa.

Kuna jambo nalisema wazi hata likiwaudhi watu: binti anayeishi karibu hubebeshwa kila kitu, halafu ndugu wa Dar es Salaam anayetuma hela kidogo ndiye anayetoa amri. Andikeni ni lini binti huyo anapumzika, na nani anampokea.

Hatua ya 3: Barua

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha kwa mtendaji. Omba barua inayotaja umri wa mzazi, hali yake kama ulivyoiandika kwenye daftari, na kwamba kaya haina uwezo wa kulipia matibabu. Hakikisha sentensi ya kutokuwa na uwezo imo. Barua nyingi hugongwa muhuri bila sentensi hiyo, na inakubidi urudi. Toa nakala, kisha ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako pamoja na kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA. Ukiambiwa kuna malipo, omba namba ya malipo ya serikali; hela haipiti mkononi.

Hatua ya 4: Hospitali

Sera ya serikali ni kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure katika vituo vya umma. Ulizia kitambulisho cha matibabu cha wazee kwenye halmashauri, na ukifika hospitali ulizia dirisha la wazee. Mzazi aliye chini ya miaka 60 naye ana njia: muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, uombe msamaha wa malipo. Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, muone siku ya kulazwa, sio siku ya kuruhusiwa bili ikiwa imeshachapwa. Ndanda na Nyangao ni hospitali za kanisa, kwa hiyo uliza mapema barua yako itasaidia kwa kiasi gani.

Kabla hamjaondoka, mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe wote wenye zamu namna ya kumwinua na kumgeuza. Asifundishwe mmoja tu.

Hatua ya 5: Riziki na vifaa

Kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kaya hizo hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo hudhuria na mtaje mzazi. Anayekuuzia fomu ni tapeli. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu haina riba, lakini ni mkopo. Inamfaa mwenye biashara, haifai kununulia dawa.

Ukiomba kiti mwendo, eleza njia za kwenu. Magurudumu membamba ya mbele huzama kwenye mchanga wetu, na kiti huishia kuanikiwa nguo. Choo cha kukalia usikingoje: mpe fundi seremala kiti imara cha mbao atoboe tundu, weka ndoo chini.

Hatua ya 6: Kitandani

Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Weka mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila anapooga, kagua kiuno, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Pitisha kiganja ukitafuta mahali penye joto, pagumu, au palipokoza rangi kuliko pembeni. Ukipaona, asilalie upande huo tena mpaka parudi kawaida, na usipasugue.

Alishwe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo. Aliyepata kiharusi akikohoa kila anywapo maji, huenda maji yanaingia njia ya hewa. Hilo, kidonda kilichochubuka, au homa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni wiki ijayo.