Jinsi ya Kufuatilia Rufaa au Miadi ya Hospitali Iliyochelewa

Ukipiga simu hospitali, usianze na "tarehe yangu ni lini?" Karani atafungua kompyuta, asipoiona atakuambia "subiri, utapigiwa," na mazungumzo yamekwisha. Uliza hivi: "Barua yangu ya rufaa iko kwa nani sasa hivi?" Hapo inabidi aitafute.

Kabla ya kupiga, weka mezani namba yako ya faili, tarehe uliyoandikiwa rufaa, jina la daktari aliyeiandika, kliniki unayopelekwa na namba ya simu uliyoacha. Ukiweza, uwe na nakala ya barua yenyewe. Picha uliyoipiga kwa simu inatosha kuanzia. Isome. Tazama kama daktari ameandika kwamba ni ya haraka au ya kawaida, maana wengi hubeba barua miezi mizima bila kujua kilichomo.

Sasa anza ulikotoka, si unakokwenda. Barua hupita mikono mingi: daktari anaandika, karani anaituma, kliniki inaipokea, daktari bingwa au muuguzi anaisoma na kupima uharaka wake, kisha karani mwingine anapanga tarehe. Kwa mwenye bima, huenda kikahitajika pia kibali. Inaweza kukwama popote hapo. Kwa waliokuandikia, uliza ilitumwa lini na kwa njia gani. Wakisema "ilishatumwa," omba tarehe, kisha nenda nayo kliniki ya pili: mmeipokea? Imeshasomwa? Imewekwa kundi gani? Kuna kinachokosekana?

Hilo la mwisho usiliruke. Kuna barua zinazokaa kwa sababu kipimo fulani hakikuambatanishwa, na mgonjwa hakuambiwa. CT scan (picha za eksirei za ndani ya mwili) yenye dawa ya kuchoma mshipani, kwa mfano, inaweza kusubiri majibu ya kipimo cha figo. MRI, ile ya kupiga picha kwa sumaku kubwa, haipangwi kienyeji kwa mtu mwenye betri ya moyo au chuma mwilini. Lazima kwanza wajue ni cha aina gani. Ukijua kinachokosekana, mara nyingi unaweza kukipeleka mwenyewe.

Kisha mwombe karani akusomee namba yako ya simu, tarakimu moja moja. Najua inaonekana ni kusumbuana. Mama yangu alikaa wiki tisa akisubiri kuitwa, na nilipokwenda kuuliza nikakuta tarehe ilishapangwa na kupita. Kwenye fomu, 1 ya mwandiko wa haraka ilikuwa imesomwa 7, ujumbe ukaenda kwa mtu mwingine, na kwenye faili la mama pakaandikwa "hakufika." Neno hilo lina madhara, kwa sababu kliniki nyingine humrudisha aliyeandikwa hivyo kwa daktari wake akaanze upya. Ukilikuta kwenye faili lako na hukupata taarifa, omba lirekebishwe siku hiyohiyo.

Usikate simu bila kupata mambo mawili: jina la uliyezungumza naye na siku ya kupiga tena. "Kwa hiyo dada, nikipiga Alhamisi asubuhi nitapata jibu?" Andika kwenye daftari tarehe, saa, jina na alichosema. Kama unaweza kuitika kwa taarifa ya siku moja, mwambie akuweke kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa na walioahirisha. Si kila kliniki inayo, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Hali yako ikibadilika, karani hana uwezo wa kukusogeza mbele. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, aandike upya kwamba sasa ni ya haraka. Usimwambie "nimezidiwa" tu. Mwambie: "Mwezi uliopita nilipanda ngazi bila kusimama, sasa napumzika mara mbili." Hicho ndicho kinachoandikika kwenye barua. Ila kifua kikibana, mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea ghafla, maneno yakikataa kutoka, au pumzi ikikata, achana na rufaa na uende kitengo cha dharura saa hiyohiyo.

Majibu ya vipimo nayo yafuatilie vivyo hivyo, hasa kama ulikatwa kipande kidogo cha nyama ya mwili kikapimwe. Kukaa kimya kwa hospitali si jibu kwamba uko salama.

Simu mbili au tatu zikishindwa, andika kwa msimamizi wa kliniki, au dawati la malalamiko kama lipo. Fupi tu: "Mimi ni mgonjwa namba fulani. Niliandikiwa rufaa tarehe fulani. Nimepiga simu tarehe hizi, nikajibiwa hivi. Naomba kujua barua iko wapi na nitaonwa lini. Naomba jibu kabla ya tarehe fulani." Matusi yaache, hata kama yanakuwasha, barua yenye tarehe inambana msomaji kuliko yenye hasira. Baki na nakala.

Ukishapewa tarehe, piga siku mbili tatu kabla kuithibitisha, kwani kliniki huahirishwa na ujumbe wa kuahirisha hupotea kama ule wa kwanza. Siku yenyewe beba barua, majibu ya vipimo, dawa unazotumia zikiwa kwenye makopo yake, na lile daftari.