Somo: Jinsi ya kuishtukia barua pepe ya kitapeli kabla hujalizwa

Wakuu, bado kuna wengi wanaoamini kwamba barua ya tapeli hujulikana kwa lugha mbovu. Zamani ilisaidia. Siku hizi akili bandia inamwandikia tapeli barua iliyonyooka kuliko ya ofisini kwenu, na nembo ya benki anainakili kwa sekunde chache. Kwa hiyo acheni kuikagua sura ya barua. Jiulize: inataka nifanye nini, na je, naweza kulifanya jambo hilo bila kupitia mlango iliyonifungulia yenyewe?

Hatua ya 1: Tulia kwanza

Barua hizi zinakuja na jambo zito na muda mfupi. Akaunti inafungwa leo. Mzigo wako umekwama. Bosi yuko kikaoni, anataka malipo yafanyike sasa hivi na usimpigie simu. Hapo kwenye "usimpigie" ndipo pa kushtukia. Mtu mwenye shida ya kweli hakukatazi kuuliza.

Hatua ya 2: Mtazame mtumaji vizuri

Jina linaloonekana juu ya barua ni maandishi tu, yeyote anaweza kujiandika "Huduma kwa Wateja". Gusa jina hilo uione anwani kamili. Hata anwani nayo inaweza kughushiwa, maana utaratibu wa kutuma barua pepe, yaani SMTP, uliandikwa mwaka 1982 bila njia ya kuhakiki kwamba mtumaji ndiye kweli. Ni kama bahasha ya posta: nyuma unaandika jina lolote upendalo.

Baadaye vikaongezwa vikaguzi vya SPF, DKIM na DMARC, na vinazuia barua nyingi za kughushi. Lakini vinachothibitisha ni kwamba barua imetoka kwenye tovuti inayotajwa, si kwamba mwenye tovuti ni mwema. Tapeli akisajili jina lake mwenyewe linalofanana na la kampuni, anapita bila kuguswa. Angalia herufi r na n zikikaa pamoja: kwenye simu ndogo zinasomeka m. Na ile a ya Kirusi haitofautiki na a yetu kwa macho.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma kiungo

Hapa ndipo wengi wanapolizwa. Chukua mfano huu wa kubuni:

https://benkiyako.com.hakiki-akaunti.net/ingia

Macho yanaona "benkiyako.com" na roho inatulia. Sasa fanya hivi: ruka zile alama mbili // za mwanzo, tafuta / ya kwanza inayofuata, kisha rudi kushoto uchukue vipande viwili vya mwisho. Unapata hakiki-akaunti.net, na huyo ndiye mwenye nyumba. Vyote vilivyo kushoto kwake ni mapambo aliyojiwekea. Kinyume chake, https://hakiki.benkiyako.com/ingia ni ya benkiyako.com kweli. Jina likiishia kwa mtindo wa .co.uk, chukua vipande vitatu.

Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kiungo bila kubonyeza, anwani halisi itatokea. Kwenye simu, kishikilie kwa kidole mpaka kijidirisha kifunguke.

Kile kialama cha kufuli msikiamini. Kinaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, basi, na tapeli naye anakipata bure. Google walikiondoa kwenye Chrome ya kompyuta mwaka 2023, wakieleza kwamba watu wengi hawakielewi maana yake.

Programu ya kutunza maneno ya siri, ile inayokujazia nywila yenyewe, ni mlinzi mzuri kuliko macho yako. Yenyewe inalinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi. Ukifika kwenye ukurasa "wa benki" na ikakataa kujaza, usianze kujaza kwa mkono. Ondoka.

Ila njia yangu mimi ni fupi zaidi: kiungo cha barua sikibonyezi kabisa. Kama akaunti ina tatizo, nafungua programu ya benki au naandika anwani mwenyewe, na tatizo likiwa la kweli nitalikuta huko ndani.

Hatua ya 4: Viambatisho

Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kupitia faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilificha kile kipande cha mwisho, watu wakaona TXT tu wakadhani ni maandishi ya kawaida. Mbinu hiyo haijafa, kwa hiyo washa mpangilio wa kuonyesha viambishi vya mafaili. Faili la ZIP ambalo nywila yake imeandikwa kwenye barua hiyohiyo limefungwa ili vikaguzi vya virusi visilione ndani. Faili la HTML nalo likifunguka na kukuomba uingie upya kwenye barua pepe yako, lifunge.

Hatua ya 5: Mabadiliko ya akaunti ya malipo

Hii ni kwa wahasibu na wenye biashara. Mlithuania Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni yenye jina sawa na Quanta, msambazaji halisi wa vifaa kutoka Taiwan, akatuma ankara za uongo na kuchota zaidi ya dola milioni 100 kutoka Google na Facebook kati ya 2013 na 2015. Desemba 2019 alihukumiwa miaka 5 jela. Kama hao walipigwa, sisi ni nani? Msambazaji akituma namba mpya ya akaunti, mpigie kwa simu uliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyo kwenye barua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Mimi nimeshaweka neno la siri kwenye ukurasa feki, nimeshtuka baadaye. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Kama uliweka namba za kadi, anza na benki, piga simu sasa hivi, mengine baadaye. Kisha ingia kwenye tovuti halisi, badilisha neno la siri na uchague kujiondoa (sign out) kwenye vifaa vyote. Watu wengi huishia hapo, na tapeli anabaki ndani. Fungua mipangilio ya barua pepe, tazama kama kuna kanuni ya kupeleka nakala za barua zako kwenye anwani usiyoijua, au ya kuzificha barua zinazotoka benki. Hakikisha namba ya simu ya kurejesha akaunti ni yako. Neno hilo la siri kama ulilitumia kwingine, badilisha na huko.

Swali: Nimetumiwa barua, wanasema wamenirekodi kwa kamera. Wametaja neno langu la siri la zamani, na ni lenyewe! Wanataka Bitcoin.

Jibu: Usilipe wala usijibu. Neno hilo limetoka kwenye tovuti iliyovuja, kama LinkedIn walivyodukuliwa mwaka 2012. Barua hiyohiyo hutumwa kwa maelfu ya watu. Ingia haveibeenpwned.com, uone anwani yako imevuja wapi.

Swali: Nikifungua tu barua bila kubonyeza chochote, simu inadukuliwa?

Jibu: Kwa kawaida hapana, dada. Ila picha zilizomo zinaweza kumjulisha mtumaji kwamba umefungua. Zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja.

Swali: Nina uthibitishaji wa hatua mbili. Si niko salama?

Jibu: Uko salama zaidi, si kabisa. Ukurasa feki unaweza kuichukua ile namba ya uthibitisho papo hapo na kuitumia kwenye tovuti halisi kabla haijaisha muda. Ufunguo wa USB, yaani kifaa kidogo unachochomeka badala ya kuandika namba, hautegeki hivyo, kwa sababu unakagua jina la tovuti kabla ya kujibu.

Swali: Wakuu, pesa zilishaenda. Kuna jamaa kaniandikia, anasema anaweza kuzirudisha nikimlipa ada kidogo.

Jibu: Huyo ni walewale waliokuibia, au kauziwa orodha yenye jina lako. Usimpe hata senti. Peleka taarifa benki na polisi, na ile barua ya kwanza usiifute: wataihitaji ikiwa kamili, pamoja na taarifa za njia iliyopitia, na ukiipiga picha ya skrini hizo hazionekani.