Simbilisi na mawe ya kibofu: ninavyowalisha wangu hapa Uyole, Mbeya

Huku kwetu simbilisi wengi wanalelewa jikoni, wanaokota maganda na mabaki ya mboga, na mwenye nyumba ukimuuliza habari ya maji anakwambia hawanywi. Wanakunywa. Dume wangu wa kwanza alikufa akiwa na jiwe kibofuni, kubwa kama punje ya hindi. Nilikuwa nampa lusani (majani ya malisho, alfalfa) asubuhi na jioni nikiamini namtunza, na bado naumia nikikumbuka.

Tatizo linaanzia tumboni. Simbilisi hufyonza kalsiamu nyingi ya chakula hata kama mwili wake umeshatosheka, kisha figo huitoa ile ya ziada kwenye mkojo. Mkojo ukiwa mzito, kalsiamu inaganda: kwanza mchanga, baadaye mawe.

Hatua ya 1: Soma doa la mkojo. Usiku laza kipande cha mfuko mweusi wa plastiki kwenye kona wanayokojolea. Asubuhi, doa likishakauka, utaona weupe. Weupe kidogo ni kawaida, usiogope. Lipitishe ukucha. Likipukutika laini kama unga wa sembe, endelea ulivyo. Likikwaruza kama mchanga wa mtoni, anza kubadili lishe siku hiyo hiyo, ila taratibu kwa muda wa wiki moja, maana tumbo la simbilisi halipendi mageuzi ya ghafla.

Hatua ya 2: Nyasi kwanza. Karibu asilimia 80 ya chakula iwe nyasi, na zisikosekane usiku wala mchana. Mimi hukata mwezi wa tano, mvua zikishakatika, nakausha na kugeuza mpaka ziwe kavu lakini bado zina ukijani na harufu nzuri. Zenye ukungu natupa. Lusani ina kalsiamu mara mbili hadi tatu ya nyasi za kawaida, kwa hiyo waachie watoto walio chini ya miezi 6, wenye mimba na wanaonyonyesha. Mkubwa asiye na mimba wala hanyonyeshi haihitaji.

Hatua ya 3: Mboga kwa kipimo. Kikombe kimoja cha chai kwa siku kinamtosha mkubwa mmoja. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, hivyo lazima aile kila siku. Robo ya pilipili hoho inafanya kazi hiyo vizuri, nayo ina kalsiamu kidogo. Majani ya saladi na tango ni mazuri pia. Mchicha, spinachi na sukuma wiki, ambazo ndizo tulizozoea kuwatupia, zipunguze ziwe za mara moja moja: zina kalsiamu nyingi, na mchicha na spinachi zina asidi ya oksaliki, inayoshikana na kalsiamu, juu yake. Na kwa kuwa tunaishi katikati ya viazi na parachichi, chunga sana: majani ya viazi mviringo na majani ya parachichi ni sumu kwao.

Hatua ya 4: Ondoa chakula cha kuku wa mayai. Nimekikuta kwenye mabanda mengi. Kimewekwa chokaa ya kutengeneza ganda la yai. Simbilisi hatagi, kalsiamu ya ziada ya chokaa hiyo itapita kibofuni. Jiwe la chumvi la ng'ombe nalo litoe.

Hatua ya 5: Maji, maji, maji. Kadiria mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Juni na Julai baridi ya Uyole inapobana, maji ya asubuhi yanauma meno na wanyama wanayakwepa. Mimi huwawekea ya vuguvugu, na mboga nazisuuza na kuwapa zikiwa bado zinadondosha maji. Bakuli liwe zito, la udongo, lisipinduke.

Hatua ya 6: Jua pa kukimbilia. Simbilisi anayelia akikojoa, anayejikunja mgongo, au mwenye damu kwenye mkojo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mawe haya huonekana kwenye eksirei. Dume anayejikamua na hatoi hata tone, usisubiri kesho. Njia yake ni nyembamba, na ikishaziba kabisa una saa chache tu za kumwokoa.